Kamera Haina Pua

Nilipomwambia mtayarishaji wa kipindi kwamba wiki hii nataka kuzungumzia upigaji picha wa maua, alinitazama kidogo kisha akauliza, "Picha, redioni? Nani ataziona?" Swali la haki. Lakini ua nitakalokusimulia nalo lina kilema chake mbele ya kamera. Ulipige asubuhi, ulipige jioni, ulipige kwa simu ya laki mbili au kwa kamera ya milioni tano, kile kitakachokufanya ulikumbuke maisha yako yote hakitatokea kwenye picha hata moja. Linanuka. Sisemi linanukia, nasema linanuka, tena linanuka mzoga.

Jina lake la kitaalamu ni Stapelia gigantea. Aliyenipa mche aliniambia ni kaktasi, na hata wewe ukiuona ukiwa haujachanua utamwamini. Ni mashina manene ya kijani yaliyosimama kwa kubanana, kila shina lina pembe nne, halina majani ya kuyataja, na ukilipapasa unahisi vinyoya laini. Miiba ya kuchoma haina. Basi si kaktasi. Kaktasi zote, ukiacha aina moja, huota porini katika bara la Amerika tu. Huu ni mtoto wa Afrika, anayeota mwenyewe porini kuanzia nchi yetu ya Tanzania kushuka hadi Afrika Kusini. Ndugu zake wa damu ni adenium, yaani yale mawaridi ya jangwani yanayopangwa mbele ya mahoteli, na frangipani wa makaburini na bustanini. Ukoo mmoja kabisa, ingawa ukiwaweka pamoja utadhani hawajawahi kukutana hata msibani.

Mmea huu unaweza kukaa kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini mwaka mzima na usiutazame mara mbili. Halafu siku moja unaona kitu kimening'inia ubavuni mwa shina. Ni tumba. Tumba lenyewe limejaa hewa, lina mistari mitano, na kila siku linazidi kuvimba mpaka unajiuliza litaishia wapi. Kisha linapasuka kwa mistari ile na kufunguka mikono mitano. Ua likishajinyoosha linaweza kufika sentimita 25 kutoka ncha hadi ncha, ukubwa wa sahani ya chakula, na lipo juu ya mmea ambao wenyewe haukufiki goti. Rangi yake ni manjano iliyopauka, na juu yake imechorwa mikunjo myembamba ya damu ya mzee, mstari juu ya mstari, hadi kwenye kitovu cheusicheusi. Pembezoni limeota nywele.

Nywele hizo, mikunjo hiyo, rangi hiyo, vyote vina kazi moja. Ua linaigiza maiti ya mnyama. Ngozi iliyokunjamana, manyoya, damu iliyokauka, na kukamilisha mchezo, harufu. Kemikali zinazotoka humo ni zenye salfa, jamaa za zile zinazotoka kwenye nyama inapooza. Anayeitwa si nyuki wala kipepeo. Anayeitwa ni nzi wa kijani, yule mkubwa anayeng'aa, na anakuja akiwa na uhakika kamili kwamba kuna mzoga. Wengine wanaamini kiasi cha kutaga mayai palepale. Mayai yanaanguliwa, mabuu wanatoka, wanatafuta nyama, nyama hakuna, wanakufa kwa njaa juu ya ua zuri. Nimeona watu wakicheka wakisikia habari hii. Mimi kila nikiitazama naona ni utapeli wa kiwango cha juu sana, na aliyetapeliwa hata kesi hana pa kuipeleka.

Sasa turudi kwenye picha. Ingia mahali popote watu wanapotumiana picha za maua yao na utalikuta ua hili. Limepigwa kwa juu, limejaa kwenye fremu, limesafishwa, rangi zimekolezwa na programu ya kurembesha, na chini yake pongezi tele. Nyota ya manjano, safi, haina hata nukta. Nami najua kilichotokea kabla ya picha ile, kwa sababu nimesimama kando ya wapigaji nikawaona. Mtu anatoa simu, anainama, kisha kabla ya kubonyeza anapunga mkono: shuuu! Anafukuza nzi.

Hapo ndipo ninapogombana nao. Katika picha ya ua hili nzi ndiye harufu. Mtazamaji aliye Bukoba au Muscat hatasikia uvundo wako wa Morogoro, ila akiona nzi watatu wa kijani wameinamia kitovu cha ua, na pembeni yao kishada cheupe cha mayai, pua yake itakunjika yenyewe. Ukiwafukuza, umempelekea uongo. Umelifanya ua hili kuwa pambo kama mapambo mengine elfu, na wakati huohuo umelinyang'anya kitu pekee linachokifanya tangu asubuhi hadi jioni.

Ninalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu picha za mimea ya aina hii zina uzito kuliko zinavyoonekana. Wataalamu wa mimea kwa karne nyingi wamehifadhi vielelezo kwa kuvibana kati ya karatasi na kuvikausha. Tawi la mwembe linakubali. Nyasi zinakubali vizuri sana. Lakini shina la Stapelia limejaa maji. Ukilibana kirahisi linaoza au linasinyaa likawa kitu kingine, na ua lenye kina na mikunjo linalala bapa, umbo limekwenda. Rangi nayo inaondoka. Kwa hiyo tangu zamani, mtu anayetaka kujua mmea huu unafananaje alimtegemea mtu aliyeuona ukiwa hai.

Mwaka 1772 bustani ya Kew kule London ilimtuma Mskoti mmoja, mtunza bustani aitwaye Francis Masson, kwenda Rasi ya Tumaini Jema kukusanya mimea. Ndiye mkusanyaji wa kwanza kutumwa ng'ambo na Kew kwa kazi hiyo. Alirudi Ulaya, akaenda kwingine, kisha mwaka 1786 akapelekwa tena Rasi na kukaa huko hadi 1795. Katika kutembea kwake nyika za ndani alikutana na jamaa hii ya Stapelia, aina baada ya aina, nyingine ndogo za kujificha chini ya vichaka. Kuzibana hakukuwezekana. Basi Masson akazichukua akazipanda kwenye bustani yake pale Cape Town, akasubiri zichanue kwa wakati wake, akazichora zikiwa hai mbele ya macho yake. Kitabu chake, Stapeliae Novae, kilitoka London mwaka 1796 na 1797, kina michoro takriban 40. Kwenye utangulizi alieleza, kwa unyenyekevu ambao naupenda mno, kwamba michoro yake haina la kujivunia upande wa sanaa, ila kwa kuwa ilichorwa mimea ikiwa katika hali ya hewa iliyoizaa, huenda inaonyesha sura yake ya kweli kuliko ile inayochorwa kutokana na mimea iliyofugwa katika vibanda vya vioo vya ughaibuni.

Msikilizaji, mtu huyo alikuwa na bustani, penseli na subira. Wewe una uwanja, simu na, tuseme ukweli, subira kidogo. Lakini kazi ni ileile.

Ua letu hili kubwa halimo katika kitabu cha Masson. Lilisubiri mpaka mwaka 1877 ndipo N. E. Brown, mtaalamu wa Kew, akaliandikia maelezo na kulipa jina. Tangu hapo wataalamu wamelihamishahamisha. Mwaka 2017 kundi la watafiti liliamua kwamba Stapelia yote imezwe na jamii kubwa zaidi iitwayo Ceropegia, na wapo wapanda maua duniani wanaonung'unika hadi leo. Majina yatahama. Mchoro mzuri au picha nzuri haihami, ukiitazama baada ya miaka mia bado utahesabu nywele.

Hata hapa Afrika Mashariki utamaduni huu wa kuchora mimea una wenyewe. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, kabla hajajulikana kwa simba alikuwa mchoraji wa mimea. Mumewe wa wakati ule, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea Nairobi, mpenzi mkubwa wa mimea hii ya mashina yenye maji, na ndiye aliyemtia moyo achore. Mwaka 1947 Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani ya Uingereza ilimpa nishani ya dhahabu kwa michoro yake, na mingi imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Simba alikuja baadaye akafunika kila kitu. Simba ndivyo walivyo.

Basi una ua, nalo limefunguka leo. Utafanyaje?

La kwanza halina ufundi wowote: futa lenzi. Simu yako imetoka mfukoni, imeshikwa na mikono iliyokula chapati, na kioo kile kidogo cha kamera kina mafuta. Nusu ya picha zinazoitwa "zenye ukungu wa kupendeza" ni mafuta ya chapati. Tumia pindo la fulana safi, lisilo na mchanga.

La pili ni mwanga, na hapa ua hili linakuletea mtihani. Mwanga mzuri wa kupiga ua unaupata mapema, saa moja au saa mbili za asubuhi, jua likiwa chini na laini. Lakini saa hizo nzi bado wamepoa, hawajachangamka. Wao wanakuja jua likishapasha, saa nne kuendelea, na harufu nayo inapanda. Saa hizo jua letu limeshapanda juu, linapiga wima, mikunjo yote ya ua inafutika, sehemu za manjano zinaungua zikawa nyeupe tupu na kitovu kinabaki shimo jeusi. Unamtaka nzi, unautaka mwanga, na haviji pamoja.

Dawa yake imo chumbani mwako. Chukua chandarua cheupe, kikunje mara mbili, kitundike kwenye kamba ya kuanikia nguo upande jua linakotokea. Upande huo tu, nzi waachiwe njia. Jua likipita humo linalainika, vivuli vinapungua makali, mikunjo inarudi. Kama upande wa pili wa ua una giza, simamisha karatasi nyeupe au mfuniko wa sufuria karibu yake, urudishe mwanga kidogo. Kipande cha boksi kilichofungwa karatasi ya fedha ya jikoni kinafanya vizuri zaidi, ila kinaweza kumulika macho ya nzi, nao wakaondoka. Taa ya simu achana nayo. Inapiga kutokea usoni, na mwanga wa usoni unalala kwenye mikunjo bila kuacha kivuli. Mikunjo inaishi kwa kivuli.

La tatu ni umbali. Watu wengi wakitaka ua lionekane kubwa wanaisogeza simu mpaka inakaribia kuligusa. Lenzi ya kawaida ya simu inaona eneo pana, ukiikaribisha hivyo mkono wa ua ulio karibu unakuwa mrefu kupita kiasi na wa nyuma unakuwa kijiti. Rudi nyuma hatua moja. Kama simu ina lenzi ya pili ya kuvuta, itumie. Kama haina, piga kwa mbali kisha ukate pembeni baadaye. Halafu gusa kioo palepale juu ya ua, shikilia kidole mpaka simu ikubali kujifunga hapo, kisha shusha mwangaza taratibu kwa kidole hadi uanze kuona michirizi kwenye zile sehemu zilizopauka. Simu nyingi huongeza mwangaza bila kuombwa, hasa ua likiwa mbele ya ukuta mweusi, na ua hili likizidishiwa mwanga kidogo tu linapoteza rangi yake.

Nywele za pembezoni nazo zina wakati wake. Ziache mpaka jioni, kuelekea saa kumi na mbili, jua likiwa limeshuka nyuma ya ua. Chuchumaa upande wa pili, ua liwe kati yako na jua, na hakikisha nyuma yake kuna kivuli, kichaka au mlango uliofungwa. Kila unywele utawaka. Picha hiyo huwezi kuipata saa sita mchana hata ununue kamera ya nani.

Sasa nzi mwenyewe. Nzi anayetua kwenye ukuta ukimsogelea anaruka. Nzi aliyezama kwenye kitovu cha ua hili ana habari nyingine kabisa, amelewa, anatafuta pa kutagia. Sogea pole, usiache kivuli chako kimpite mgongoni, na bonyeza kitufe ukishikilie upige picha nyingi mfululizo. Moja itakuwa na macho yaliyokaa sawa. Ukiwa na bahati utapata kitu ambacho wengi walio na mmea huu nyumbani hawajawahi kukiona. Ua hili halina chavua ya unga wa kupeperuka. Chavua yake imefungwa kwenye vifuko viwili vidogo vya manjano, vimeunganishwa kwa kibanio. Nzi anapochokonoa kitovuni, mdomo wake unaingia kwenye mfereji mwembamba, na akiuchomoa anatoka na kibanio kimemng'ang'ania na vifuko vyake. Anakwenda nacho. Akitapeliwa na ua la pili, kifuko kinanasa kwenye mwanya wa huko na kukatika, kazi imekwisha. Mtazame nzi wako kwenye picha ukiikuza: kama kuna vidoti viwili vya manjano mdomoni, umempata tarishi akiwa na barua mkononi.

Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye uzio wetu ni mmoja, ndiye aliyenikuta katika mkao huo, nimepiga magoti mbele ya ndoo, chandarua kimetanda, simu mkononi. Nikainuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza, mmemzika nani huku? Tangu jana sili."

"Ni ua, mama."

"Ua?"

Nikamwonyesha. Akalisogelea, akafunika pua kwa upande wa kanga, akaliinamia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akachukua simu yangu akatazama picha niliyokwisha kupiga, akatazama ua, akatazama picha tena.

"Kwenye simu ni zuri," akasema. "Hapa ni zuri pia, lakini lisogeze."

Nililisogeza. Ukiwa na mmea huu mjini, nyumba kwa nyumba, weka ndoo mahali upepo unapoondokea kwako bila kuingilia kwa mtu. Ua lenyewe hudumu siku chache tu, watu wanaweza kukuvumilia.

Kwa wale wanaotaka picha zao ziwe na maana zaidi ya kusifiwa, piga na yale yasiyopendeza. Piga shina kwa karibu, zile pembe nne na vinundu vyake. Piga mgongo wa ua, pale linaposhikana na kikonyo. Piga tumba kabla halijapasuka. Piga mmea mzima ndani ya ndoo yake, na ndoo ikiwa imeandikwa jina la rangi ya ukutani si neno, inasema ukweli kuhusu mahali ulipo. Weka kiberiti kando ya ua kwenye picha moja, maana mtazamaji hana njia nyingine ya kujua ukubwa. Mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au wa makumbusho ya Nairobi akiletewa picha ya uso wa ua peke yake, anabaki na maswali. Akiletewa shina, mgongo na kiberiti, anaanza kazi. Hasa kwa sababu ukoo huu una ndugu wengi wanaofanana, nao wapo hapa kwetu. Kuna Edithcolea grandis, ua bapa lenye madoa ya damu ya mzee juu ya manjano, linaloota katika nchi kavu za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika. Liliitwa kwa jina la Edith Cole, aliyelikusanya Somalia, na aliyeliandika mwaka 1895 ni yuleyule Brown wa Kew. Kuna na jamaa wadogo wa Caralluma na Huernia ambao mtu anawakanyaga akifuata mbuzi.

Na tofauti moja ya usalama: baadhi ya ndugu za mnyaa, wa jamii ya euphorbia, wana mashina yenye pembe yanayofanana na haya kwa mbali. Ukivunja euphorbia inatoa utomvu mweupe wa maziwa, nao ukiingia jichoni ni balaa. Stapelia ukiivunja inatoa maji tu. Kwa hiyo usipige magoti na kusogeza uso kabla hujajua unapiga picha ya nini.

Ukishapata picha, usiipitishe WhatsApp kwa njia ya kawaida kama unampelekea mtaalamu. Inabanwa, nywele zinayeyuka. Itume kama dokumenti. Ukipenda kuiweka hadharani, ipo iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako watu wa dunia nzima hupeana majina ya viumbe kwa picha. Pale una wajibu wa kuweka alama kwamba mmea wako umepandwa, usije ukawadanganya watafiti kwamba unaota wenyewe Kihonda, Morogoro. Kama siku moja utapiga picha ya ndugu yake porini, ficha mahali halisi. Huko Afrika Kusini wezi wa mimea midogo ya mashina yenye maji wamekuwa wakiing'oa kwa magunia kwa ajili ya soko la ng'ambo, na ramani ya picha ni ramani ya mwizi pia.

Nimesema kamera haina pua, lakini nakubali kwamba wengi hawaoni upungufu wowote hapo. Januari 2025, katika bustani ya mimea ya kifalme kule Sydney, Australia, lilichanua ua kubwa la Amorphophallus titanum, la Sumatra, nalo hunuka mzoga kwa kazi hiyohiyo ya kuita wadudu. Watu wa Sydney walilipa jina la utani, Putricia. Maelfu walipanga foleni kwenda kulisikia kwa pua zao, na wengine wengi mno walikesha mbele ya kamera ya intaneti wakitazama ua lisilonuka. Niliisoma habari ile nikawaza: waliopanga foleni na waliokesha kitandani hawakuona ua lilelile. Sitawagombeza waliokesha, nami ningekuwa mmoja wao, Sydney ni mbali. Lakini wewe uliye na ua lako kwenye ndoo huna udhuru wa umbali.

Imogen Cunningham, mpiga picha Mmarekani, miaka ya 1920 alikuwa nyumbani California na watoto watatu wadogo, wawili wao mapacha, hana nafasi ya kwenda popote. Akapiga picha mimea ya uwanjani mwake wakati watoto wakicheza. Ua lake la magnolia la mwaka 1925 liko katika makumbusho makubwa leo. Simtaji ili kukupa matumaini ya makumbusho. Namtaja kwa sababu mtu aliyefungwa na uwanja wake anaona ua likiwa tumba, likiwa wazi na likiwa limekwisha, mambo ambayo mgeni anayepita hana muda nayo.

Na ua hili likisinyaa, usiondoke. Wengi hurudisha simu mfukoni hapo. Kama tarishi alifika, baada ya miezi mingi utaona pembe mbili nyembamba zimesimama juu ya shina, zimetazama juu, ukashangaa zimetoka wapi. Ndilo tunda. Pembe zikikauka zinapasuka ubavuni, na ndani kuna mbegu bapa zimepangwa vizuri, kila moja na kishungi cha nyuzi nyeupe zinazong'aa. Upepo mmoja na zote zimekwenda. Nilifunga kipande cha chandarua kwenye pembe zangu zilipoanza kugeuka rangi, ndiyo maana nina picha ya mbegu zikiwa bado ndani, zimebanana, na nyingine ya mbegu moja ikiwa juu ya kiganja.

Mama jirani alipoiona picha hiyo aliomba mbegu. Nikamwambia mbegu itamchelewesha, nikamvunjia pingili, nikamweleza aiache kivulini jeraha likauke kabla hajaichomeka kwenye mchanga. Akaifuata kanuni yote. Ameipanda kwenye ndoo nzuri kuliko yangu, na ameiweka kwenye uzio wetu, chini ya dirisha langu la chumbani.